Fotomita ya LED, ya kununua, au kihisi cha vumbi: shule ya Nyanda za Juu ichague ipi?

Klabu ya sayansi ya sekondari huku Mbeya, Iringa au Njombe ikitaka kupima moshi, vumbi na mvuke wa maji ulioko angani, ina njia nne. Ya kwanza ni kutengeneza fotomita ya jua, yaani kifaa kinachopima ukali wa mwanga wa jua, kwa LED. Ya pili ni kuagiza fotomita ya mkononi iliyokamilika. Ya tatu ni kununua kihisi kidogo cha leza kinachopima vumbi la hewa. Ya nne ni kutegemea simu. Ushauri wetu tunautoa mapema: anza na LED. Kifaa cha kuagiza kifae shule tatu au nne kwa pamoja, na kihisi cha leza kije baadaye, maana kinajibu swali jingine kabisa.

Simu tuimalize hapa hapa. Kihisi cha mwanga cha simu hupokea mwanga wa anga zima, kwa rangi nyingi kwa pamoja, wala hakijui jua limetoka upande gani. Hakiwezi kutenganisha erosoli (chembe ndogo za moshi na vumbi zinazoelea angani) na wingu jembamba. Faida yake ni picha: pigeni picha mlima Loleza au Rungwe kila siku saa ile ile, mkiwa mmesimama pale pale, na ziwekeni picha hizo pembeni ya vipimo.

Unataka kujua hewa ipi?

Swali hili watu hulisahau, kisha wanalaumu kifaa. Fotomita hutazama jua moja kwa moja, kwa hiyo hupima kila kilichosimama kati ya uwanja wa shule na jua: moshi wa jikoni, vumbi la barabara, na moshi uliopanda kilomita tatu na kusafirishwa na upepo kutoka mbali. Kihisi cha leza hufyonza hewa iliyopo pale kilipotundikwa na kutoa jibu kwa mikrogramu kwa mita ya ujazo. Namba ya fotomita, iitwayo kina cha erosoli, huonyesha jinsi chembe zinavyopunguza mwanga wa jua, na haina kizio. Hakuna kanuni rahisi ya kugeuza moja kuwa nyingine, na usiwaruhusu wanafunzi wajaribu.

Asubuhi ya Julai jijini Mbeya, hewa ya baridi hulala chini ya milima na moshi wa mkaa, kuni na matanuru ya matofali hubaki umejikusanya usawa wa paa za nyumba. Saa 1 asubuhi kihisi cha leza kitapiga juu. Fotomita ikitumika saa 4 siku hiyo hiyo inaweza kuonyesha anga safi, kwa sababu tabaka lile la moshi ni jembamba. Septemba mambo hugeuka. Mashamba na miombo huchomwa kuanzia Chunya hadi Zambia na Kongo, moshi husafiri juu juu, bluu ya anga hupauka na milima ya mbali hufifia. Hapo fotomita hupanda, kihisi kikabaki karibu palepale. Kituo cha AERONET (mtandao wa kimataifa wa fotomita za jua) cha Mongu, magharibi mwa Zambia, kimerekodi msimu huo wa moshi kwa miaka mingi, na kilele chake huangukia karibu na Septemba.

Kihisi cha leza kina udhaifu mwingine unaogusa sana Mufindi, Makete na Tukuyu, nao ni ukungu. Vihisi vya bei nafuu havikaushi hewa kabla ya kuipima, hivyo matone ya ukungu huhesabiwa kama vumbi. Namba kubwa ya saa 12 alfajiri inayotoweka saa 3 ukungu ukiinuka ni ya maji. Kama shule yako inataka kujua moshi unaovutwa na wanafunzi madarasani au na wapishi jikoni, nunua kihisi cha leza bila wasiwasi, lakini pima pia unyevu wa hewa, na siku za ukungu uzitenge.

LED dhidi ya kichujio cha kioo

LED tunaijua kama taa. Ukiimulika, nayo huzalisha mkondo mdogo wa umeme, na huitikia rangi iliyo karibu na ile inayotoa, ikiegemea kidogo mawimbi mafupi. Forrest Mims wa Texas, Marekani, alianza kupima jua kwa njia hii mwaka 1990 na akaichapisha mwaka 1992. Mpango wa shule wa GLOBE ukaichukua na kutengeneza fotomita ya chaneli mbili: kijani karibu na nanomita 505, na nyekundu karibu na nanomita 625.

Vifaa vya maabara hutumia kioo cha kuchuja kilichobandikwa mbele ya fotodayodi, yaani kihisi cha mwanga. Kioo hicho hupitisha mkanda mwembamba, mara nyingi nanomita 10, wakati LED hupokea mkanda wa makumi ya nanomita. Kwa usahihi, kioo kinashinda. Lakini kioo hicho kimejengwa kwa tabaka nyembamba ambazo huchakaa, hasa kwenye unyevu, na kikichakaa namba huteleza taratibu bila dalili yoyote. LED ni kipande kigumu ndani ya plastiki, hukaa miaka bila kubadilika sana. Kwa shule ambayo kifaa kitakaa kabatini kuanzia Novemba hadi Aprili, mvua ikinyesha nje, uimara huo una thamani kuliko wembamba wa mkanda.

Kuitengeneza, na pale inapokwama

Chukua LED mbili za milimita 5, ya kijani na nyekundu, zenye plastiki angavu. Zile zenye plastiki ya maziwa hutawanya mwanga, ziache. LED nyeupe usiiguse: ndani yake ni LED ya bluu iliyopakwa unga unaong'aa, na hutajua inaitikia rangi gani. Kichwa cha duara cha LED ni lenzi, na lenzi hufanya usomaji ubadilike sana mkono ukitikisika kidogo tu. Kisage kwa msasa kiwe bapa, ukibakiza kama milimita 2 juu ya kipande cha ndani, kisha kilainishe kwa msasa laini wa namba 1000 au zaidi.

Mkondo wa LED lazima ukuzwe na opampu (chipu ya kukuza umeme mdogo), na hapa ndipo wengi wanapoumia. Duka la spea za redio litakupa LM358 kwa sababu ndiyo iliyopo. LM358 ina mkondo wake yenyewe kwenye miguu ya kuingizia, takriban nanoampea 45. Ukitumia rezista ya megaomu 1, hizo ni milivolti 45 za uongo kifaa kikiwa gizani, na hazitulii joto likibadilika. Ulizia TL072, ambayo mafundi huikuta kwenye amplifaya za muziki: mkondo wake ni picoampea 65 hivi, na ndani yake mna opampu mbili, moja utaipa kijani na nyingine nyekundu. Inahitaji betri mbili za volti 9, moja kwa upande chanya na moja kwa upande hasi. Ukitaka betri moja tu, CA3140 inafaa, ila utahitaji mbili kwa chaneli mbili.

Katodi ya LED iende kwenye mguu wa kugeuza (−) wa opampu, anodi iende ardhini, na mguu usiogeuza (+) nao uende ardhini. Kati ya mguu wa kugeuza na tokeo weka rezista, na sambamba nayo kapasita ya picofaradi 100 ili saketi isitetemeke. Ukigeuza LED na maltimita ikasoma hasi, hakuna kilichoungua, badilisha miguu. Anza na rezista ya megaomu 1, ipime juani saa 6 mchana siku yenye anga safi, kisha badilisha rezista mpaka upate karibu na volti 1.5. Maltimita ya bei ndogo, kwenye nafasi ya 2000 milivolti, husoma hatua ya milivolti 1. Arduino ya kawaida (bodi ndogo ya kielektroniki inayosomwa na kompyuta), yenye biti 10 na rejeo la volti 5, husoma hatua ya karibu milivolti 5, na rejeo lenyewe hubadilika kutegemea kompyuta iliyochomekwa. Kwa kazi hii maltimita inashinda. Angalia tu betri yake: ikiishiwa, maltimita nyingi za bei rahisi husoma juu kuliko ukweli, na anga huonekana safi kumbe siyo.

Funga kila LED mwishoni mwa bomba jembamba lililopakwa rangi nyeusi isiyong'aa ndani. Tundu la mbele liwe la milimita 5, umbali kutoka tundu hadi LED uwe sentimita 12. Hiyo inakupa uwanja wa kuona wa kama digrii 2.4, wakati jua lenyewe ni nusu digrii. Ukifupisha bomba, mwanga uliotawanywa pembeni mwa jua utaingia, na siku ya moshi kifaa kitadanganya kwa kuona hewa nafuu kuliko ilivyo. Nje ya sanduku weka vipande viwili vya bati vilivyokunjwa: cha mbele kina tundu dogo, cha nyuma kina alama. Nukta ya mwanga ikikaa juu ya alama, kifaa kimelenga. Hakuna mtu anayetakiwa kulitazama jua, hata kwa miwani ya giza, na mwalimu awe mkali kwa hilo.

Ya kununua inakupa nini zaidi?

Mfano unaojulikana mashuleni ni Calitoo, kutoka Ufaransa. Ina chaneli tatu, nanomita 465, 540 na 619, na hujua yenyewe mahali ilipo, saa, joto na kanieneo ya hewa, kisha hukokotoa kina cha erosoli pale pale. Bei yake ni kubwa kwa shule moja, hata kabla ya usafiri na ushuru. Inapokuokoa zaidi ni kwenye makosa ya kuandika: hakuna daftari la kunakili vibaya.

Faida ya kisayansi iko kwenye chaneli ya bluu. Ukilinganisha kina cha erosoli kwenye rangi mbili unapata kipeo cha Ångström, kinachoonyesha ukubwa wa chembe: moshi mbichi huleta namba kubwa, karibu 1.5 hadi 2, na vumbi namba ndogo. Fotomita ya LED yenye 505 na 625 nayo huweza hilo kwa kanuni, lakini rangi hizo zimekaribiana mno. Kina kikiwa 0.1 na ukakosea 0.01 kwenye chaneli moja tu, kipeo kinayumba kwa karibu 0.5, yaani huwezi kutofautisha moshi na mchanganyiko wake na vumbi. Septemba, kina kikifika 0.5, kosa lile lile linayumbisha kipeo kwa 0.1 tu na jibu lina maana. Kwa hiyo mwenye LED akokotoe kipeo msimu wa moshi pekee. Mwenye chaneli tatu, kwa umbali kati ya 465 na 619, ana nafasi nzuri zaidi mwaka mzima.

Kinachopotea ukinunua ni elimu ya ndani. Mwanafunzi wa kidato cha tatu anayeona 0.12 kwenye kioo cha kifaa hajui imetoka wapi. Anayepima volti lazima afike kwenye hesabu hii mwenyewe:

kina chote = ln(V₀ ÷ V) ÷ m
kina cha erosoli = kina chote − (kina cha hewa × P ÷ 1013) − ozoni

V ni volti juani baada ya kutoa volti za gizani, zinazopimwa kwa kuziba tundu. V₀ ni volti ambazo kifaa kingesoma nje ya angahewa. P ni kanieneo ya hewa mahali ulipo, kwa hPa. Na m ni urefu wa njia ya mwanga hewani, ambapo jua la utosini ni 1. Ili kuipata m bila kifaa chochote, simika fito wima ya mita 1 na upime kivuli chake kwa mita, s: m ni kipeuo cha pili cha (1 + s²). Kivuli cha mita 1.12 kinakupa m = 1.5.

Sasa weka namba. Kijani, V₀ ya siku hiyo 1.50, V 1.10, m 1.5. Kina chote ni 0.207. Kwenye nanomita 505 hewa tupu, usawa wa bahari, ina kina cha 0.138, na ozoni ni karibu 0.01. Jiji la Mbeya liko mita 1,700 hivi juu ya bahari na kanieneo yake ni karibu 830 hPa, kwa hiyo hewa ni 0.138 × 830 ÷ 1013 = 0.113. Erosoli ni 0.084. Mwanafunzi akitumia 1013 ya kitabuni atapata 0.059, na atakuwa amefuta karibu theluthi moja ya erosoli yote. Jihadhari pia na kanieneo inayotajwa kwenye taarifa za hali ya hewa: mara nyingi imeshapelekwa usawa wa bahari. Tumia ile ya mahali ulipo. Baadhi ya simu zina baromita ndani, na hapo ndipo simu inapolipa.

V₀ nayo hubadilika na umbali wa dunia na jua. Mapema Januari tuko karibu, mapema Julai tuko mbali, na mwanga hupanda na kushuka kwa asilimia 3.4 hivi kila upande wa wastani. Kwenye mfano wetu, kulisahau hilo Julai ni kosa la 0.02.

V₀ inapatikana wapi

Kifaa cha kununua huja na V₀ yake. Cha LED unaitafuta mwenyewe, na Nyanda za Juu Kusini ni mahali pazuri kwa kazi hiyo kuliko sehemu nyingi za nchi. Njia huitwa ya Langley: unapima asubuhi jua likipanda, m ikishuka kutoka 5 hadi 2, unachora ln V dhidi ya m, mstari ulionyooka unaurefusha mpaka m = 0, na pale unapogusa ndipo ln V₀. Hewa isipotulia mstari hupinda. Ndiyo maana Kitulo, kwenye mita 2,600 hivi, asubuhi ya kiangazi, inafaa kuliko mjini.

Juni shule nyingi zimefungwa, basi lengeni katikati ya Julai. Kwa Mbeya wakati huo m inakuwa 5 karibu saa 2 kasoro dakika 3 asubuhi, na inafika 2 karibu saa 3 na dakika 20. Pimeni kila dakika tatu mwanzoni, maana m hushuka haraka, kisha kila dakika tano hadi saba. Lengo ni vipimo 20. Kitulo Julai huwa na umande ulioganda, na LED na opampu hazipendi baridi ile: kifaa kikae ndani ya sweta au koti, kitoke kwa sekunde 30 za kupima, kirudi. Fanyeni asubuhi tatu tofauti. V₀ zikitofautiana kwa zaidi ya asilimia 3 baada ya kuzirekebisha kwa umbali wa jua, itupeni ile ambayo nukta zake haziko kwenye mstari. Mara nyingi kosa ni wingu jembamba la juu, lile la nyuzi nyuzi, ambalo jicho halilioni likiwa mbele ya jua. Mwanafunzi mmoja azibe jua kwa nguzo au pembe ya paa na atazame pembeni yake kabla ya kila kipimo.

Saa ziandikwe kwa UTC, saa ya kimataifa. Kwa mchana, chukua saa ya Kiswahili uongeze 3: saa 4 asubuhi ni 07:00 UTC, saa 9 alasiri ni 12:00. Daftari lenye "4:00" bila maelezo halifai kitu miezi sita baadaye.

Na gesi je?

Mvuke wa maji unawezekana. Unalinganisha LED mbili zisizoonekana kwa jicho, moja ikiitikia karibu na nanomita 940 ambako mvuke hufyonza, nyingine karibu na 870 ambako haufyonzi. LED za rimoti ya televisheni mara nyingi huuzwa kama za 940, lakini kwa kuwa LED huitikia chini kidogo ya inapotoa, siyo zote zitaangukia kwenye mkanda wa mvuke. Chukua tano, pima uwiano wake siku kavu ya Agosti na siku nzito ya Desemba kati ya mawingu, ubaki na ile inayobadilika zaidi. Kuugeuza uwiano kuwa sentimita za maji kunahitaji chanzo kingine cha kulinganisha, hivyo mwaka wa kwanza baki na uwiano.

Ozoni huhitaji urujuanimno wa mikanda miwili myembamba karibu na nanomita 300. Mims aliweza kwa vifaa vya mkononi vyenye vichujio, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 aligundua vipimo vya ozoni vya setilaiti ya NASA vimeanza kuteleza. LED za dukani haziwezi. Nitrojeni dioksidi nayo isahau kwa vifaa hivi.

Shule kadhaa, kifaa kimoja cha kununua

Mpango unaofaa zaidi kwa fedha kidogo ni shule jirani kuchangia Calitoo moja, na kila moja ikawa na fotomita yake ya LED. Kifaa cha kununua huzunguka mara moja kwa mwaka, Julai au Agosti. Simameni pamoja siku yenye anga safi, m ikiwa chini ya 2, mpime jozi kumi, kila jozi ndani ya dakika moja. Kutoka Calitoo mnapata kina cha erosoli kwenye 540, mnakisogeza hadi 505 kwa kipeo kilichotoka kwenye chaneli zake, mnaongeza hewa na ozoni, kisha V₀ ya LED = V × e^(m × kina chote). Hiyo ni V₀ ya siku hiyo, irekebisheni kwa umbali wa jua kabla ya kuiandika. V₀ kumi zikitawanyika kwa zaidi ya asilimia 2, angalieni kwanza vipande vya bati vya kulengea: mara nyingi kimoja kimepinda ndani ya begi.